Kitabu cha Picha Kilichotununisha Siku Tatu

 Ni matumaini yangu kwamba u mzima, na kama una mwenzi, naye yu mzima na mnaongea. Nimesema mnaongea kwa sababu hivi karibuni mimi mwenyewe nilipitisha siku tatu bila kuongea na wa kwangu, na chanzo hakikuwa nyumba ndogo wala meseji za usiku wa manane. Chanzo kilikuwa kitabu. Tena kitabu cha picha.

Nilikuwa nimeshaandaa mada nyingine kabisa, mambo ya pesa ndani ya ndoa, nikiwa na mifano mizuri ya watu wengine. Nikaona haya. Mtu unayetoa ushauri kila mwezi, siku moja moja ni vizuri uanike nguo zako kabla ya kuanika za jirani.

ILIVYOANZA

Tunakaa Nyegezi, nyumba ya kupanga, upande ambao ukisimama uani unaliona ziwa kati ya mawe mawili makubwa. Mimi nilisoma mawasiliano ya umma hapa hapa, chuo cha Malimbe, nikaenda kuhangaika Dar es Salaam miaka kadhaa, nikarudi. Mume wangu ni mhasibu. Tuna binti mmoja wa miaka saba, na kiwanja kimoja Buhongwa ambacho kuta zimeshasimama. Kinachosubiriwa ni bati. Kabatini kuna bahasha imeandikwa BATI kwa kalamu nyekundu, na kila mwisho wa mwezi kila mmoja anatia chake humo. Huo ndio mkataba wetu.

Jumamosi moja mwenzangu akashuka kwenye daladala amebeba mfuko mweusi unaomwelemea upande mmoja. Nikadhani sato. Akautua mezani, ukalia puu. Kumbe ni kitabu, kikubwa kama sinia, jalada gumu, kurasa zaidi ya mia tatu za kung'aa, habari za wachoraji maarufu wa dunia na picha zao. Alikikuta kwa muuza vitabu vya mitumba mjini. Nikauliza bei. Akasema elfu sabini. Nikauliza sabini ya wapi, maana ilikuwa tarehe 23 na mimi najua tarehe 23 mfukoni mwake huwa kuna nini. Akanyamaza. Nikaenda kabatini kuhesabu bahasha.

Sitaandika yote niliyoyasema siku hiyo, mengine hata mhariri mwenyewe anayaona hayafai. Ila moja lazima niliandike. Nilisema, "Kitabu cha picha! Mtu mzima na akili zako! Picha zitatuezekea nyumba?"

Hakujibu, na mume wangu ni mtu wa kujibu. Akakichukua kitabu chake, akakiweka juu ya kabati la vyombo, akatoka nje. Basi siku tatu tukawa tunaongea kupitia mtoto. Mwambie baba chakula tayari. Mwambie mama nimeshiba.

UMEME ULIPOKATIKA

Siku ya tatu, Jumanne, umeme ukakatika saa mbili usiku. Televisheni kimya, simu zote mbili chaji imekwisha, hatuna pa kujificha. Binti yetu akawasha taa ya sola, akasogeza kiti, akakishusha kile kitabu kwa taabu na kukilaza kwenye mkeka katikati yetu. Yeye hana habari na bahasha. Alitaka kuona picha.

Tukaanza kufungua. Wafalme, farasi, malaika wanene kama wamelishwa uji wa lishe. Tukafika kwa Mona Lisa wa Leonardo da Vinci, yule mwanamke ambaye wataalamu wameandika maelfu ya kurasa kuhusu tabasamu lake. Binti yetu akamtazama, akauliza, "Mama, mbona hana nyusi?" Nikachungulia. Kweli, hana! Nikacheka, na mwenzangu akacheka, na hicho kilikuwa kicheko cha kwanza ndani ya nyumba ile tangu Jumamosi.

Baadaye tukafika kwa Vincent van Gogh. Kuna mchoro wake wa mwaka 1888, aliouchora mji wa Arles huko kusini mwa Ufaransa, usiku, kando ya mto Rhône. Juu nyota, ng'ambo taa za mji, na mwanga wa zile taa umenyooka juu ya maji kama nguzo za dhahabu. Mwenzangu akaweka kidole pale kwenye maji, akasema taratibu, "Huyu mtu alikaa Luchelele."

Wasomaji wa Mwanza mmeshaelewa. Kwa walio mbali, nieleze. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, usio na mbalamwezi. Wavuvi hutoka na taa, zamani karabai, siku hizi wengi wanatumia za sola, ili dagaa wavutwe na mwanga. Ukisimama ufukweni huku kwetu usiku kama huo unaona mji mzima wa taa juu ya ziwa, mji ambao asubuhi haupo, na kila taa ina mkia wake wa mwanga majini. Mimi nimeuona miaka yote na sikuwahi kusema neno. Na hapa kuna Mholanzi ameuchora, kule Ulaya, zaidi ya miaka 130 iliyopita.

Binti yetu ndiye aliyewaona watu wawili, chini kabisa ya picha upande wa kulia, wadogo, mwanamke na mwanamume wanatembea wameshikana mikono. "Hawa ni baba na mama," akasema, akalala palepale kwenye mkeka.

Tulipobaki wawili, ndipo mwenzangu akaniambia jambo ambalo katika miaka minane ya ndoa sikuwahi kulisikia. Alipokuwa kidato cha pili alikuwa na madaftari matatu ya michoro. Alichora mitumbwi, bibi yake akichambua pamba, mwalimu wa hesabu akisinzia. Muhula ule alishuka nafasi darasani. Baba yake akayachukua yale madaftari yote, akayaweka jikoni kwenye moto mbele yake, akamwambia picha hazilipi ada na hazijengi nyumba. Kuanzia siku hiyo hakuchora tena, akasoma uhasibu, akafaulu vizuri.

Mpenzi msomaji, rudi juu kidogo usome nilichomwambia Jumamosi. Maneno ni yaleyale. Mimi sikuwa na moto mkononi, ila niliyasema kwa sauti ileile, na niliyasema mbele ya mtoto.

Nikamwomba msamaha. Naye akaniomba wa bahasha, maana hilo nalo lilikuwa kosa na mpaka leo nasema lilikuwa kosa. Ukichukua pesa ya wote kimya kimya, hata ukinunua Msahafu au Biblia, umechukua kimya kimya. Alizirudisha kwa miezi miwili. Lakini nusu tu ya ugomvi wetu ilikuwa pesa. Nusu nyingine ilikuwa mtoto wa kidato cha pili ambaye mimi sikujua kama naishi naye.

KWA NINI VITABU HIVI VINAVUTA?

Tangu usiku ule nimejiuliza, vitabu hivi vina nini? Kwanza, havikudai elimu. Kiingereza cha kitabu chetu ni kigumu, kurasa nyingine nimeziruka bila aibu, lakini picha haina kamusi. Mtoto wa miaka saba aliona nyusi na mimi mwenye digrii sikuziona. Pili, mkiangalia sinema mnaangalia mbele, kila mtu kivyake. Mkifungua kitabu kikubwa lazima mkae karibu, magoti yaguse, mmoja ashike ukurasa. Si unajua wengine hata kugusana goti tumesahau?

Tatu, nyuma ya picha kuna watu na mapenzi yao. Chukua huyo Van Gogh. Alianza kuchora akiwa na miaka kama 27, akafa mwaka 1890 akiwa na 37. Miaka kumi tu ya kazi, na karibu muda wote huo aliishi kwa pesa aliyotumiwa na mdogo wake, Theo, maana picha zake hazikununuliwa. Miezi sita baada ya kifo chake, Theo naye akafa. Akabaki mjane wa Theo, Johanna, umri wake miaka 28, ana mtoto mchanga na nyumba iliyojaa michoro ya shemeji yake ambayo hakuna aliyeitaka. Wapo waliomshauri aachane nayo. Akakataa. Akafungua nyumba ya wageni ili apate kula, akawa anapeleka michoro kwenye maonyesho mmoja mmoja, na mwaka 1914 akachapisha barua ambazo Vincent alimwandikia Theo. Leo jumba la makumbusho la Van Gogh pale Amsterdam, lililofunguliwa mwaka 1973, limesimama juu ya akiba aliyoitunza yule mjane. Tunamjua mchoraji kwa sababu mwanamke mmoja hakutupa vitu vya ukoo wa mumewe. Jiulize sisi tunatupa nini.

Au mchukue Frida Kahlo wa Mexico na mumewe Diego Rivera, wote wachoraji. Walioana mwaka 1929, wakaachana 1939, wakaoana tena 1940. Ukurasa wao tuliubishania wiki nzima. Mimi nasema yule bwana hakustahili kurudiwa, mwenzangu anasema sijui yaliyokuwa chumbani mwao. Ni ubishi mtamu, kwa sababu unawasema Frida na Diego huku mnaambiana ya kwenu bila kurushiana.

Ila usidanganyike. Kitabu kinaficha ukubwa. Mona Lisa ana urefu wa sentimita 77 na upana wa 53, ni mdogo kuliko dirisha la sebule yetu. Mchoro wa Picasso wa vita, Guernica, una upana wa karibu mita 8, usingeingia kwenye nyumba yetu hata tukitoa milango. Kitabuni vyote viwili vinajaza ukurasa mmoja. Sisi tuliwahi kuchukua futi kamba na kupima ukutani, mtoto akashangaa, na kusema kweli hata sisi tulishangaa.

"HAWA WOTE NI WAZUNGU?"

Swali hilo aliuliza binti yetu wiki ya pili. Katika kitabu chetu Afrika imepata kurasa chache, vinyago, na chini yake hakuna jina la aliyechonga. Kinaeleza kwamba mwaka 1907 Picasso aliviona vinyago vya Afrika katika jumba la makumbusho Paris na uchoraji wake ukabadilika. Jina la Picasso lipo. La fundi halipo. Mwenzangu akakosa la kujibu, na mimi nikapata kazi ya kufanya.

Nilianza na Edward Saidi Tingatinga, mtoto wa Tunduru, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa vitu alivyoweza kuvipata, vipande vya hadibodi na rangi za kung'aa za kupakia baiskeli. Alichora miaka minne tu. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi kimakosa wakidhani ni jambazi, akafa. Ndugu na wanafunzi wake wakaendelea, wakaunda ushirika mwaka 1990, na leo jina lake ni jina la mtindo mzima. Watalii wanajua Tingatinga. Ukimuuliza kijana wetu wa hapa, anakuonyesha greda la barabarani.

Kisha Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame, aliyesoma na kufundisha Makerere na baadaye akawa balozi wetu London nchi ilipopata uhuru. Mwaka 1956 alichora wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, na mwaka 1960 jumba la sanaa ya kisasa la New York likaununua mchoro huo. Yaani mambo yetu ya posa na harusi yapo kwenye jumba moja na Van Gogh! Na mke wa Ntiro je? Sarah Nyendwoha, Mganda, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kupata digrii, aliyoipata Oxford mwaka 1954. Aliporudi kufundisha na kukuta analipwa pungufu kuliko wanaume wenye sifa kama zake, alikataa kuupokea ule mshahara, akafundisha bila malipo mpaka ukarekebishwa. Dada zangu mnaofanya kazi maofisini, huyo ndiye wa kumwekea picha ukutani.

Lakini kilichonigusa kuliko vyote kiko huku huku kwetu. Mwaka 1953 huko London kilichapishwa kitabu cha picha kuhusu michoro ya ukutani ya wacheza nyoka wa Tanganyika. Aliyekiandika ni Hans Cory, mzaliwa wa Austria, mtaalamu wa mila aliyeajiriwa na serikali ya kikoloni na aliyeishi Mwanza. Wacheza nyoka hao ni Bayeye, chama cha siri cha Wasukuma, ambao walichora kuta za ndani za nyumba walizotumia kuwaingiza wanachama wapya. Nyoka, watu, na ishara ambazo mtu wa nje hakupaswa kuziona. Ukuta wa udongo haudumu. Nyumba zilianguka, mvua ikafanya kazi yake. Kitabu kikabaki. Nilipokwenda Dar es Salaam kikazi nilikiomba katika maktaba ya chuo, wakaniletea nikisome hapo hapo, hakiazimwi. Nilikaa nacho saa nzima nikimfikiria bibi yangu mzaa baba, Msukuma wa Magu, ambaye akisikia neno Bayeye anashusha sauti.

Na kuna michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa, iliyowekwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Mary Leakey aliitolea kitabu kizuri cha picha mwaka 1983. Kwa hiyo binti yetu alipata jibu lake. Wetu wapo. Vitabu vyao ndivyo adimu na ghali, na vingi vimeandikwa na wageni. Nani atatuandikia kimoja kwa Kiswahili, chenye rangi, mtoto akilaze kwenye mkeka? Natupa swali hilo kwa wachapishaji, na kwa walimu wa sanaa waliotoka Chuo cha Ualimu Butimba hapa jirani.

UKITAKA KUJARIBU NA MWENZI WAKO

Moja, kubalianeni bei kabla. Hilo nimelilipia ada. Mbili, usianze kwa kusoma maelezo. Fungua ukurasa mmoja, muulize mwenzako anaona nini, halafu nyamaza umsikilize. Usimsahihishe, huu si mtihani wa taifa. Tatu, ukurasa mmoja kwa jioni unatosha. Sisi tumechagua Alhamisi, simu zinabaki chumbani. Nne, kama mfuko hauruhusu, vitabu vya mitumba vipo, maktaba zipo, na rafiki mwenye kitabu yupo, mwalike chai aje nacho. Tano, mwache mtoto ashike kurasa. Atachafua kidogo. Bora achafue kuliko aogope.

Na la mwisho, kabla hujacheka kitu anachokipenda mwenzi wako, uliza kwanza kilianza lini. Muulize hata leo usiku.

Niwaibie siri moja kabla ya kuagana. Wiki iliyopita nilikuwa nafuta vumbi, nikakifungua kile kitabu kwenye ukurasa wa ule mto wenye taa. Kati ya kurasa kulikuwa na karatasi, ile ya ofisi yenye mistari ya hesabu, na juu ya mistari mtu amechora kwa penseli mwanamke amelala kwenye mkeka, mdomo wazi kidogo, kitambaa cha kichwa kimemtoka. Mkono wa kushoto umekosewa, una vidole vinne. Ni mimi.

Sijamwambia kwamba nimeiona. Nimeirudisha ilivyokuwa, nikakiweka kitabu mahali pake. Nangoja siku atakayoitoa mwenyewe, na bati nazo tunazingoja. Tukutane mwezi ujao, na ile mada ya pesa bado nawadai.